Avtar Singh Sohal na Mpira wa Magongo katika Afrika ya Mashariki, Pamoja na Mfano wa Pwani ya Ruvuma na Mfano wa Ujerumani

Sifa ya mchezaji haizaliwi na ustadi wake peke yake. Huzaliwa pia na kiwanja alichochezea, na watu waliosimama pembezoni kumtazama, na lugha waliyoitumia kusimulia habari zake walipokwisha kurudi makwao. Mambo hayo matatu yakikutana, jina la mchezaji huvuka mipaka ya mji wake na kuingia katika mazungumzo ya watu ambao hawakumwona hata siku moja. Moja likikosekana, mchezaji aweza kuwa miongoni mwa walio bora duniani, na bado jina lake likabaki ndani ya ua wa klabu yake.

Hayo yanadhihirika katika habari za Bwana Avtar Singh Sohal wa Kenya. Mchezaji huyu wa mpira wa magongo aliichezea nchi yake mechi 167 za kimataifa kati ya mwaka wa 1957 na mwaka wa 1972, hesabu ambayo iliandikwa katika kitabu cha Guinness cha rekodi za dunia. Alikwenda katika Michezo ya Olimpiki mara nne, yaani Roma mwaka wa 1960, Tokyo mwaka wa 1964, Mexico mwaka wa 1968 na Munich mwaka wa 1972. Na katika safari tatu za mwisho yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Ni wachezaji wachache wa Afrika ya Mashariki, katika mchezo wo wote, waliopata kufikia daraja hiyo. Hata hivyo, fasihi simulizi ya Kiswahili haikumpa nafasi iliyowapa wanariadha na wachezaji wa kandanda wa zama zake. Sababu zake zastahili kuchunguzwa, kwa kuwa zinahusu historia ya jamii na historia ya lugha kwa pamoja.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Mpira, kwa asili, ni mmea na utomvu wake. Kisha ni kitu cho chote kilichofanywa kwa utomvu huo. Kisha ni tufe la kuchezea. Na mwisho ni mchezo wenyewe. Pwani ya kusini inayo sehemu katika historia ya neno hili. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu wa mipira ya porini ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizoteremshwa kutoka bara hadi bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani, ukapakiwa katika majahazi kwenda Unguja na kutoka huko kwenda Ulaya. Hivyo watu wa Mikindani na wa nyanda za juu za Wamakonde waliujua mpira kuwa mali ya biashara kabla ya kuujua kuwa mchezo.

Mchezo ulipokuja, neno lilitwaliwa na kandanda. Mswahili akisema kwamba vijana wanacheza mpira, hana haja ya kueleza zaidi. Kila asikiaye hufahamu kuwa ni mpira wa miguu. Michezo mingine yote hulazimika kuongezewa maneno ili ijulikane: mpira wa kikapu, mpira wa wavu, mpira wa pete, mpira wa magongo. Nyongeza hiyo ni ushahidi wa kihistoria. Yaonyesha ni mchezo upi uliofika kwa watu wengi kwanza, na ni ipi iliyofika baadaye au iliyofika kwa wachache. Tena katika mpira wa magongo jina lina kinyume ndani yake, maana tufe la mchezo huo katika zama za Avtar halikuwa la mpira. Lilikuwa la ngozi ngumu iliyoshonwa juu ya kiini cha gome jepesi na nyuzi. Gongo nalo, yaani fimbo nene, lilichongwa kwa mti wa mforsadi, likaja kutoka Bara Hindi, hasa katika miji ya Punjab iliyokuwa na mafundi wa kazi hiyo.

Kucheza kwa fimbo si jambo geni kwa Waswahili. Ngoma ya kirumbizi, ambamo watu wawili hupambana kwa bakora huku wengine wakiwazunguka, inajulikana sana Lamu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mpira wa magongo haukuenea pwani kwa sababu watu hawakupenda mchezo wa fimbo. Sababu ni lazima itafutwe mahali pengine, na pwani ya Mtwara yatoa mfano mzuri.

Wajerumani walijenga boma lao Mikindani mwaka wa 1895. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1894, walikuwa wamekwisha kuitwaa Kionga, iliyo kusini ya mlango wa Ruvuma, nao wakaishika hata Wareno walipoirudisha mikononi mwao mwaka wa 1916. Na mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919 ukaithibitisha kuwa ya Wareno. Utawala huo wa Wajerumani uliacha katika Kiswahili maneno machache lakini yenye nguvu, kama shule na hela. Lakini haukuacha neno hata moja la mpira wa magongo, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wakiucheza kwao wakati huo huo. Klabu ya Hamburg iliiwakilisha nchi yao katika Olimpiki ya London ya mwaka wa 1908. Maofisa na askari waliokuja Mikindani walikuja kutawala na kukusanya kodi, wala hawakuja kufundisha michezo ya klabu za mijini kwao.

Baada ya vita kuu ya pili Mtwara iliona mabadiliko makubwa zaidi. Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka wa 1947 ulihitaji bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango wenyewe ulianguka mwaka wa 1951. Bandari ilikamilika mwaka wa 1954. Na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Mji uliotarajiwa kujaa wafanyakazi, maofisa na wafanya biashara ukabaki mdogo kuliko ramani yake. Jambo hili lina maana kubwa kwa habari inayosimuliwa hapa, kwa sababu mpira wa magongo katika Afrika ya Mashariki ulikuwa mchezo wa miji ya reli na ofisi, uliohitaji kiwanja kilichosawazishwa vema, vifaa vilivyonunuliwa ng'ambo, na klabu yenye wanachama wa kulipa ada. Kandanda ilihitaji uwazi na tufe tu. Mchezo uliopata mashabiki Mtwara, na hata ukaifikisha timu ya Ndanda katika ligi kuu ya Tanzania mwaka wa 2014, ni huo wa pili.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalichukua njia nyingine tena. Wareno waliupenda mpira wa magongo unaochezwa kwa viatu vya magurudumu juu ya sakafu, nao ulistawi hasa Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo. Msumbiji huru iliurithi, na mwaka wa 2011 timu yake ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya dunia ya mchezo huo. Hivyo mto mmoja ulizitenga dola mbili, na kila dola ikawa na mpira wake wa magongo. Lakini ustawi wa kila mmoja ulikuwa katika mji mkubwa ulio mbali sana na mlango wa mto.

Upande wa Waingereza, mji huo mkubwa ulikuwa Nairobi. Reli ya Uganda, iliyojengwa tangu mwaka wa 1896 hata mwaka wa 1901, ilileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na kama 6,700 kati yao walibaki baada ya kazi kwisha. Wengine walifuata baadaye kwa hiari yao, wakiwa mafundi, makarani na wenye maduka. Miongoni mwao walikuwa Singasinga, ambao Waswahili wengi huwaita Makalasinga, na Wagoa waliofanya kazi nyingi za ofisi za serikali na za reli. Watu hawa walitoka katika nchi ambayo mpira wa magongo ulikuwa fahari yake. Bara Hindi ilishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo, tangu Amsterdam mwaka wa 1928 hata Melbourne mwaka wa 1956; na katika fainali ya Berlin ya mwaka wa 1936, timu ya Dhyan Chand iliwafunga Wajerumani mabao 8 kwa 1 nyumbani kwao.

Serikali ya kikoloni iliwatenga watoto kwa rangi katika shule, na kwa hiyo katika viwanja. Shule za Wahindi na za Wagoa, kama ile ya Dr. Ribeiro mjini Nairobi, zililea wachezaji hodari wa magongo. Klabu za Sikh Union na za Wagoa ziliwapokea walipomaliza masomo. Mwafrika aliyepita njiani aliuona mchezo kupitia ukuta wa miti. Huo ndio mzizi wa jambo lote: ubora wa mchezo ulijengwa na jumuiya zilizofungamana, na kule kufungamana ndiko kulikouzuia usitoke nje.

Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa mwaka wa 1938, alikulia katika mazingira hayo. Alikuwa mlinzi wa nyuma. Nafasi ya mlinzi si nafasi ya kupigiwa vigelegele. Mfungaji hukumbukwa kwa bao moja, na mlinzi hukumbukwa kwa kosa moja. Mtu awezaye kuishika nafasi hiyo kwa miaka 15 katika timu ya taifa hana budi kuwa na utulivu na nidhamu isiyo ya kawaida. Aliingia katika timu hiyo mara baada ya Kenya kucheza Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne mwaka wa 1956. Pamoja naye, katika miaka iliyofuata, walikuwako Surjeet Singh Panesar, Hilary Fernandes, Alu Mendonca, Edgar Fernandes, Egbert Fernandes na wengineo, Singasinga na Wagoa wakicheza bega kwa bega.

Mwaka wa 1964, mwaka wa kwanza wa uhuru kamili wa Kenya, timu hiyo ilizuru Bara Hindi na kuishinda timu ya India mabao 3 kwa 0 mjini Jabalpur. India hiyo hiyo, miezi michache baadaye, ilitwaa medali ya dhahabu mjini Tokyo, na Kenya chini ya unahodha wa Avtar ikashika nafasi ya sita. Kilele kilifikiwa mwezi wa Oktoba wa mwaka wa 1971, katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia yaliyochezwa Barcelona. Kenya ilifika nusu fainali, ikashindwa na Hispania bao 1 kwa 0, kisha ikashindwa na India mabao 2 kwa 1 katika kugombea nafasi ya tatu. Ikawa ya nne duniani. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ya tano.

Mpangilio huo wa nafasi wafaa kutiliwa maanani, kwa kuwa haukudumu hata mwaka mmoja. Tarehe 10 Septemba 1972, mjini Munich, Michael Krause aliifungia Ujerumani ya Magharibi bao la pekee dhidi ya Pakistan, na medali ya dhahabu ikarudi Ulaya kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1920. Kenya katika michezo hiyo ilikuwa ya 13. Nahodha wa Wajerumani alikuwa Carsten Keller; nahodha wa Kenya alikuwa Avtar, naye alifunga huko safari yake ya kimataifa. Manahodha hao wawili waliondoka Munich wakielekea hatima mbili tofauti, si kwa sababu mmoja alimzidi mwenziwe kwa kipaji, bali kwa sababu ya kilichokuwa kikiwangoja nyumbani.

Carsten Keller alikuwa mwana wa Erwin Keller, aliyekuwa katika timu ya Ujerumani iliyopata medali ya fedha mwaka wa 1936. Mwanawe Andreas alipata dhahabu mjini Barcelona mwaka wa 1992. Binti yake Natascha, aliyezaliwa Berlin mwaka wa 1977, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa kike duniani mwaka wa 1999, akapata dhahabu Athens mwaka wa 2004, na katika michezo ya London ya mwaka wa 2012, iliyokuwa Olimpiki yake ya tano, yeye ndiye aliyeibeba bendera ya Ujerumani siku ya ufunguzi. Mdogo wake Florian alipata dhahabu Beijing mwaka wa 2008. Watu wa vizazi vitatu walitoka katika nyumba moja, na klabu yao ilikuwa moja, ya mjini Berlin. Hata Ujerumani mpira wa magongo haukupata kulingana na kandanda kwa wingi wa watazamaji. Lakini klabu ilidumu, na kiwanja na watoto wa wanachama walidumu pamoja nayo. Kwa hiyo jina lilipata mahali pa kukaa.

Nairobi hali haikuwa hiyo. Baada ya uhuru watu wa asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kujiandikisha kuwa raia. Wengi walisita. Sheria ya uhamiaji ya Kenya ya mwaka wa 1967, na ile ya Uingereza ya mwaka wa 1968 iliyokuwa ikikaribia kufunga mlango, ziliwasukuma maelfu kuondoka kwa haraka, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji, walimu wao, na vijana ambao wangekuwa wachezaji. Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika muda wa siku 90. Na mwisho wa mwezi huo huo timu ya Uganda ya mpira wa magongo, ambayo wengi wa wachezaji wake walikuwa wa asili ya Asia, iliingia kiwanjani Munich ikiwa imevaa rangi za nchi hiyo. Katika michezo hiyo hiyo John Akii-Bua aliipatia Uganda dhahabu katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Jina lake likaimbwa. Wenzake wa magongo hawakujua watarudi wapi.

Yawezekana kudhaniwa kwamba tofauti ya asili peke yake ilitosha kumzuia mchezaji wa Kiasia asipendwe na watu wote. Mfano wa Joginder Singh wapinga dhana hiyo. Dereva huyo, naye Singasinga wa Kenya, alishinda mashindano ya magari ya Safari katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, na watu wakamwita Simba wa Kenya. Jina hilo lilimfaa kwa njia mbili, kwa kuwa Singh maana yake ni simba, ingawa neno simba la Kiswahili ni la Kibantu na kufanana kwake na lile la Kihindi ni kwa bahati tu. Joginder alipendwa kwa sababu kiwanja chake kilikuwa barabara. Alipita katika vumbi na matope mbele ya vijiji, na mwenye shamba aliyesimama ukingoni alimwona kwa macho yake bila kulipa kiingilio wala kuulizwa uanachama. Alipokwisha kuonekana, lugha ikampa jina. Avtar alicheza nyuma ya ua, na lugha haikupata nafasi ya kumbatiza.

Sababu nyingine zilikuja juu ya hizo. Katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka wa 1976 mpira wa magongo ulichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi za bandia; tangu hapo nchi isiyoweza kugharimia kiwanja cha namna hiyo ilijikuta ikifanya mazoezi ya mchezo mmoja na kushindana katika mwingine. Kenya haikushiriki Montreal wala Moscow mwaka wa 1980, kwa sababu za siasa, na kizazi kizima kikapitwa. Ilirudi Los Angeles mwaka wa 1984 na Seoul mwaka wa 1988, na baada ya hapo timu yake haikuonekana tena katika Olimpiki kwa miaka mingi. Avtar mwenyewe aliendelea kuutumikia mchezo akiwa mwalimu wa wachezaji.

Tanzania nayo ilipata siku zake chache. Mataifa mengi yalipoisusia Moscow mwaka wa 1980, timu yake ya magongo ilikuwa mojawapo ya sita zilizoshindana huko. India iliifunga mabao 18 kwa 0. Wengi hulitaja tokeo hilo kwa kicheko, lakini mwanahistoria hana sababu ya kucheka. Timu iliyokwenda Moscow ilitoka katika nchi ambayo mchezo huo haukuwa na mizizi nje ya klabu chache za mijini. Mabao 18 yalikuwa kipimo cha umbali uliokuwapo kati ya klabu hizo na nchi yenyewe, toka Dar es Salaam hata Mtwara.

Katika miaka ya baadaye mambo yalibadilika kwa namna ambayo pengine haikutazamiwa na waasisi wa klabu za Nairobi. Wachezaji wa Kiafrika waliushika mchezo, na klabu ya wanawake ya Telkom ya Kenya ilitwaa mara nyingi ubingwa wa klabu za Afrika. Ua umefunguka. Pamoja na kufunguka huko, Kiswahili cha mchezo huu kimepata kuhitajika: maneno ya mapigo, ya nafasi za wachezaji, ya makosa na adhabu zake. Mengi kati ya maneno yanayotumiwa viwanjani yametwaliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, na katika zama za Avtar yalichanganyika na Kipunjabi na Kikonkani. Msamiati huo wa lugha nne, uliosemwa na watu waliokuwa wakiishi katika mji mmoja, haujapata kukusanywa inavyostahili.

Hapa ndipo kazi ya mwanalugha inapokutana na ya mwanahistoria. Takwimu za mechi 167 zimekwisha kuandikwa, wala hazitapotea. Kinachoweza kupotea ni jinsi mechi hizo zilivyosemwa: nahodha aliwaita wenzake kwa lugha gani, watazamaji walimshangilia kwa maneno gani, na watoto wa Kiafrika waliochungulia kupitia ukuta wa miti waliwaambia nini wenzao walipofika nyumbani. Wazee walioyasikia hayo wanapungua mwaka hata mwaka, nao wametawanyika Nairobi, Mombasa, Uingereza na Kanada. Wakiulizwa mapema, jina la Avtar Singh Sohal laweza kupata katika Kiswahili nafasi ambayo ua wa klabu uliinyima. Wasipoulizwa, litabaki katika orodha, mbele yake tarakimu, na nyuma yake kimya.